Barua ya Wazi kwa Wenye Jengo Letu Kariakoo

Kwa Mzee mwenye kiwanja, pamoja na wanafamilia wote wenye haki katika jengo,
Kwa Ndugu mbia uliyejenga na unayekusanya kodi,
Kariakoo, Dar es Salaam.

YAH: MIKATABA, TOZO NA USALAMA WA WAPANGAJI WA FREMU

Shikamoo Mzee, na salamu kwa Ndugu mbia na familia nzima.

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpangaji wenu wa ghorofa ya kwanza, nauza vitenge na mashuka kwa jumla na rejareja. Naandika kwa niaba yangu na ya wenzangu ambao tulikaa tukakubaliana maneno haya mstari kwa mstari: wauza viatu wa chini, wauza vifaa vya simu wa korido ya nyuma, mafundi cherehani wa juu na wenye stoo za andagraundi.

Barua hii si ya kwanza. Zilizotangulia tulizipeleka kwa mkono kwa msimamizi wa jengo, akasaini kuzipokea, na hatukupata jibu hata la kusema zimesomwa. Tulipomwendea mbia tukaambiwa mambo ya mikataba ni ya familia yenye kiwanja. Tulipokwenda kwa familia tukaambiwa kwamba mpaka muda wa ubia uishe, jengo liko mikononi mwa mbia. Kodi ina wa kuipokea, malalamiko hayana. Kwa hiyo tumeamua kuandika mahali ambapo kila mtu atasoma. Hatukutaja jina la mtu, la kampuni wala namba ya kiwanja, maana hatukusudii kumvunjia mtu heshima. Ninyi mtajijua, na wapangaji wa majengo mengine ya Kariakoo watayaona ya kwao humu.

Kabla sijaanza kuhesabu, jambo moja lieleweke. Hatuombi kodi ishushwe. Kila mtaa hapa, uwe Kongo, Aggrey, Livingstone au Sikukuu, fremu ina bei yake, na bei hiyo tuliikubali tulipoingia. Tunachoomba ni kwamba fedha tunayolipa itupatie uhakika. Kwa sasa tunalipa kodi ya mtu mwenye uhakika, tunaishi kama mtu aliyejibanza kwa muda.

1. Mkataba wa mwaka mmoja na kilemba kinachorudi

Mkataba wetu ni wa miezi 12, na kodi ya miezi yote hiyo inalipwa mkupuo kabla hujakabidhiwa ufunguo. Tumezoea, na wengi wetu tunakopa ili tulipe. Shida inaanza mwaka unapoelekea ukingoni. Mkataba hausemi kodi inaweza kupanda kwa kiasi gani. Hausemi kama mpangaji aliyelipa vizuri atapewa nafasi ya kwanza, wala hausemi ataambiwa lini. Mwezi wa mwisho ukiingia, mtu halali. Dalali anakuja na watu wake, wanasimama mlangoni, wanapima upana wa fremu kwa hatua, wanauliza kama rafu zako utaziacha, nawe upo pale unamkatia mteja kitambaa. Halafu, wiki moja kabla ya tarehe, unatajiwa kodi mpya na juu yake kilemba, yaani fedha ya kupewa fremu mbali na kodi, kwa maelezo kwamba kuna mwingine yuko tayari.

Mzee, kilemba tulikitoa siku ya kuingia. Ndivyo desturi ya mji huu ilivyokuwa tangu tulipoanza biashara: anayeingia ndiye anayetoa. Kumtoza tena mtu aliyemo ndani, ambaye hajawahi kuchelewesha kodi, ni jambo jipya, na hakuna popote katika mkataba lilipoandikwa.

Lipo pia jambo ambalo hesabu zenu haziligusi. Wengi wetu tuliingia ghorofa ya kwanza ikiwa tupu. Mteja alikuwa akifika chini, anatazama ngazi, anageuka. Tulisimama barabarani kuwaita. Tuliwapandisha mmoja mmoja, tukawapa bei ya kuwavuta, tukawafungashia mzigo mpaka kwenye basi. Leo mteja wa Lubumbashi, wa Lusaka au wa Moroni akifika Kariakoo anakuja moja kwa moja mpaka mlangoni kwetu. Sababu ya fremu za ghorofa ya kwanza kugombaniwa leo ni kazi hiyo, na tunaona ni haki itambuliwe pale mkataba unapofanywa upya.

Na jueni notisi ya wiki moja inafanya nini. Mzigo ukipakiwa Guangzhou unakaa baharini wiki nyingi kabla ya kuteremshwa bandarini Dar es Salaam. Mtu akiambiwa atoke ndani ya siku saba, kontena lake bado liko Bahari ya Hindi, na likifika hana pa kulishushia. Tumeshuhudia mwenzetu akiuza mzigo mzima kwa hasara, stendi ya daladala, kwa sababu hiyo. Alikuwa ametulia katika jengo hili kuliko wengi wetu.

2. Mkataba unaoonyesha nusu ya kodi

Hili ni gumu kulisema hadharani, lakini kila mfanyabiashara wa Kariakoo analijua. Kiasi kinachoandikwa katika mkataba ni pungufu ya kiasi kinachopokelewa. Anayekataa kusaini hivyo anaambiwa fremu ina mtu mwingine.

Chukua mfano wa fremu ya shilingi milioni 2 kwa mwezi, yaani milioni 24 kwa mwaka, huku mkataba ukionyesha milioni 12. Kwa sheria ya kodi ya mapato, mpangaji wa biashara anatakiwa akate asilimia 10 ya kodi ya pango na kuipeleka TRA. Hiyo ni kodi ya zuio. Ni kodi ya mwenye nyumba, inatoka katika fedha yake, mpangaji ni mpelekaji tu. Katika jengo letu mwenye nyumba anataka milioni zake 24 zote kamili, na ile asilimia 10 mpangaji aitafute kwingine. Hata ikihesabiwa kwa kiasi kilichomo kwenye mkataba, ni milioni 1.2 inayotoka mfukoni mwa mtu asiyedaiwa.

Maumivu makubwa zaidi yako kwenye ile milioni 12 isiyoandikwa. Mpangaji ameilipa, lakini hana risiti wala mkataba wa kuithibitisha, kwa hiyo hawezi kuiingiza katika matumizi ya biashara. Mkaguzi akija, fedha hiyo inahesabika kuwa ni faida. Mwenye kampuni anatozwa asilimia 30 ya faida. Kwa milioni 12 hiyo ni milioni 3.6, kodi ya faida ambayo hakuipata, kwa sababu aliikabidhi kwa mwenye nyumba.

Wafanyabiashara wa Kariakoo walipofunga maduka Mei 2023, na tena Juni 2024, nchi nzima ilisikia kilio kuhusu ukaguzi na makadirio ya kodi. Mimi naamini sehemu ya mgogoro ule ilizaliwa ndani ya mikataba ya pango kama yetu. Mtu anayelazimishwa kuficha nusu ya gharama yake kubwa kuliko zote hawezi kuelewana na mkadiriaji, hata mkadiriaji awe mwema namna gani.

3. Umeme na kodi ya jengo

Jengo lina mita kubwa, na kila fremu ina submita. Bei ya uniti tunayotozwa ni ya juu kuliko ya TANESCO, na risiti ya umeme ulionunuliwa hatujawahi kuonyeshwa. Tumeuliza ziada inakwenda wapi, tukajibiwa ni jenereta. Jenereta lina bili yake, nayo tunailipa.

Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo inakatwa kupitia LUKU. Kodi hiyo ni ya mwenye jengo. Kwetu imeingizwa katika kifungu kinachoitwa gharama za jengo, tunachangishwa kila mwezi, na haijawahi kupunguzwa kwenye kodi ya pango.

4. Usalama wetu na wa wateja wetu

Hapa naomba, Mzee, usome polepole.

Tarehe 16 Novemba 2024, Jumamosi asubuhi, ghorofa lilianguka hapa hapa Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi na Kongo. Watu wasiopungua 29 walipoteza maisha. Waliokwama sehemu ya chini walikuwa wakizungumza na waokoaji kupitia matundu, wakipitishiwa hewa na maji. Wengi wa waliokuwa ndani walikuwa watu kama sisi: wenye fremu, vijana wa dukani, mteja aliyeingia kuulizia bei. Aliyekuwa Waziri Mkuu, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, aliunda timu ya kukagua majengo ya Kariakoo. Sisi wapangaji wenu hatujaonyeshwa karatasi yoyote inayohusu jengo hili, na kila tulipoiomba tuliambiwa tusiwatishe wateja.

Hatusemi jengo litaanguka. Sisi si wahandisi. Tunasema yale tunayoyaona kwa macho. Andagraundi lilijengwa kwa ajili ya maegesho, leo ni stoo na fremu, na mwaka jana ukuta wake mmoja ulivunjwa usiku ili nafasi iongezwe. Hatukuona mhandisi wala kibali kilichobandikwa. Mvua za masika zikinyesha maji yanachuruzika kwenye nguzo mbili za upande wa nyuma, na plasta yake imeanza kuachia. Mafundi walikuja, wakapiga plasta mpya, wakapaka rangi, wakaondoka. Tangu siku hiyo mwenye stoo iliyo karibu na nguzo hizo hawaruhusu vijana wake kulala humo hata mzigo ukichelewa kuingia.

Ngazi ya nyuma imezibwa kwa bati na kupangishwa kuwa stoo. Korido iliyokuwa ya kutokea wakati wa dharura ina fremu za vifaa vya simu. Wenzetu waliomo hawana kosa, walipangishwa kwa mkataba na wanalipa kodi kama sisi, na wao wenyewe wameniomba niandike hili, kwa kuwa moto ukiwaka wao ndio watakaokuwa mwisho wa korido isiyo na mlango. Watu wote wa jengo hili, pamoja na wateja wa siku ya mnada, wamebakiwa na ngazi moja. Mitungi ya kuzimia moto ipo ukutani, lakini vibandiko vyake vya ukaguzi vimepitwa na wakati. Julai 10, 2021 Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku, na wapo wenzetu waliopoteza mtaji wa maisha yao kabla ya alfajiri. Kama moto ule ungetokea saa sita mchana katika jengo lenye ngazi moja, tusingekuwa tunazungumzia mtaji.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, katika sehemu ya upangishaji, inamtaka mwenye nyumba aliyepangisha sehemu ya jengo atunze paa, kuta kuu, mifereji na njia zinazotumiwa na wote, na amwache mpangaji anayelipa kodi akae kwa amani. Ngazi ile ya nyuma ni njia ya wote. Haikuwa mali ya kupangisha.

5. Geti na choo

Serikali ilizindua mpango wa biashara saa 24 Kariakoo mwaka 2025. Geti letu linafungwa saa kumi na mbili jioni, na anayetaka kuchelewa anamlipa mlinzi. Choo cha jengo tunakilipia kila tunapoingia, ingawa usafi umo katika gharama za jengo. Akina mama waliojifungua karibuni wanaomba jirani.

6. Kodi kutajwa kwa dola

Machi 2025 zilitoka kanuni zinazokataza kutangaza bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa huduma za ndani ya nchi. Fremu za chini, zile zinazotazama barabara, bado zinatajwa kwa dola mdomoni, kisha zinageuzwa kuwa shilingi kwa kiwango anachokipanga msimamizi siku hiyo. Sisi tunauza kwa shilingi.

Majibu tunayoyatarajia

Najua mtakayosema, kwa kuwa mengine tumeshaambiwa pembeni.

Mtasema soko ndilo linaloamua kodi. Sawa, liamue. Lakini soko halimzuii mtu kutoa notisi ya miezi mitatu, halimzuii kuandika kiasi halisi katika mkataba, na halikuziba ngazi kwa bati.

Mtasema asiyeridhika aondoke, foleni ya wanaotaka ni ndefu. Neno hili limetuumiza kuliko yote, na tumelisikia kutoka kwa msimamizi mbele ya wateja wetu. Foleni ipo kweli. Hata hivyo, anayekuja leo akikuta jengo linabadilisha wapangaji kila mwaka, atataka kurudisha kilemba chake haraka. Ataweka mzigo wowote, atapangisha nusu ya fremu kwa mtu wa tatu, hatajali korido wala choo. Kuna majengo mtaa wa pili yalikwenda njia hiyo, na leo ghorofa zake za juu zina makufuli yaliyoshika kutu. Mpangaji aliyetulia ndiye anayelinda jengo mwenye jengo asipokuwepo.

Ndugu mbia, wewe utasema una mkopo benki na muda wa ubia unahesabika. Tunakuelewa, kwa sababu nasi tuna mikopo. Ndiyo sababu tunaona mkataba wa miaka mitatu wenye ongezeko linalojulikana ungekufaa hata wewe: benki ingeona kodi ya miaka mitatu mbele, badala ya kubahatisha kila Januari.

Na mtasema tukiona tumeonewa twende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tunaliheshimu Baraza. Ila shauri linaweza kuendelea muda mrefu kuliko mkataba wa miezi 12, na hadi uamuzi utoke, mpangaji ameshatolewa, fremu ina mtu mwingine, wateja wameshazoea mlango mwingine. Tungependa tumalizane mezani kwenu.

Tunachoomba

Ndani ya siku 30 tangu barua hii kutoka, tunaomba kikao kimoja ambacho mbia na familia mtakaa pamoja, msimamizi awepo, na sisi tuwe na wawakilishi watano tuliokwishawachagua. Pasiwepo tena kutumana huku na kule.

Kabla ya kikao hicho, bila kusubiri jambo lingine lolote, ngazi ya nyuma ifunguliwe, na mwenye stoo iliyomo arudishiwe kodi ya miezi iliyobaki. Mitungi ya moto ikaguliwe na Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Mhandisi aliyesajiliwa akague nguzo na ule ukuta wa andagraundi, na ripoti yake ibandikwe getini tuisome. Kama ripoti itasema andagraundi lifungwe, wenye stoo wamekubali kuhama, mradi warudishiwe fedha zao.

Katika kikao tutaomba mkataba mpya wa maandishi: usiopungua miaka mitatu, wenye kiwango cha ongezeko kilichoandikwa, notisi ya miezi mitatu kwa pande zote mbili, kilemba kisitozwe kwa aliyemo ndani, na kiasi kinachoandikwa kiwe ndicho kinacholipwa, kwa shilingi, kupitia benki. Kodi ya zuio ikatwe kwenye kodi ya pango kama sheria inavyosema. Kwa umeme tunaomba risiti tu. Tukiziona risiti, tutalipa uniti zetu zote na sehemu yetu ya jenereta bila kelele.

Neno kwa Wizara

Nakala ya barua hii inakwenda kwa Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi, na kwake naongeza machache. Nchi yetu ilikuwa na Sheria ya Udhibiti wa Pango ya mwaka 1984. Ilifutwa 2005. Huenda zilikuwepo sababu nzuri za kuifuta, kwa kuwa kodi zilizogandishwa zilifanya nyumba zisikarabatiwe. Lakini mahali pake hapakuwekwa kitu cha kumlinda mpangaji wa biashara. Jirani zetu Kenya, tangu 1965, wana sheria ya wapangaji wa maduka na hoteli, Sura ya 301. Mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano, hawezi kupandishiwa kodi wala kutolewa bila notisi rasmi ya angalau miezi miwili, na akipinga, lipo baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara la kusikiliza. Nairobi haijaacha kujenga maghorofa kwa sababu ya sheria hiyo. Mheshimiwa Waziri, tunaomba muswada wa namna hiyo, na tunaomba wapangaji wa Kariakoo, Mwanjelwa ya Mbeya na Kilombero ya Arusha waitwe kutoa maoni unapoandaliwa.

Mzee, tarehe ya kikao mtaje ninyi, tutafunga maduka asubuhi hiyo na kuja. Wawakilishi wetu watano msimamizi anawafahamu kwa majina na namba za fremu. Tunaomba pia kwamba asiwepo kati yao, wala kati yetu, atakayekataliwa mkataba mpya kwa sababu ya barua hii.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wapangaji wa fremu na stoo,
Kariakoo, Dar es Salaam.

Nakala:
Waziri wa Ardhi, Nyumba na Maendeleo ya Makazi
Mkuu wa Wilaya ya Ilala
Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, Ilala
Jumuiya ya Wafanyabiashara Tanzania